Asiyekuwapo, na Lake Lipo

Ukuta wa mawe uliojengwa Gatitu, Nyeri, upande usiopigwa na jua la mchana, hauchukui muda kuvaa kijani. Mvua za masika zikikolea, au ukungu wa Julai ukishuka kutoka mlimani na kuyalalia mashamba ya kahawa mpaka asubuhi iishe, mawe hufunikwa na mimea mifupi kuliko ukucha, iliyosongamana, laini kwa kiganja. Wengi huidhania kuwa koga tu, wakaikwangua ili ukuta upendeze. Kumbe ni mosi, mmea kamili wenye shina, majani na namna yake ya kuzaa, ila hauna mizizi ya kweli wala mishipa ya kupandishia maji kama ya mti. Maji huuingia kupitia majani yenyewe, na yakikosekana mmea haushindani na ukame: hukauka, hujikunja, hugeuka rangi ya kutu hata mtu akaapa kwamba umekufa. Mvua ya kwanza ikiupata, mara nyingi majani hufunguka tena katika dakika chache. Chini ya ukuta, penye udongo wa mfereji, hulala jamaa yake, livawoti, bapa na wa kijani kizito. Baadhi ya aina zake hubeba mgongoni vikombe vidogo ambamo matone ya mvua yakidunda hurusha vipande vinavyoota kuwa miche mipya. Wanabotania huwaweka wote wawili katika kundi la briofita.

Jiwe la ukuta ule lilitoka kwenye volkano. Mlima Kenya, ambao alfajiri isiyo na mawingu huonekana wazi kutoka wadi hii ya Gatitu/Muruguru, ulijengwa na milipuko iliyopamba moto takriban miaka milioni 3 iliyopita. Safu ya Nyandarua upande wa pili imeuzidi kwa miaka milioni chache tu. Nasaba ya mmea uliolikalia jiwe hilo ilikuwa imeshaikanyaga nchi kavu zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Kwenye ukuta wa Gatitu, basi, mwenye nyumba ndiye mgeni na mpangaji ndiye mkongwe. Hapana haja ya kutafuta hapa kisukuku cha mosi cha enzi za dinosauri, hata machimbo yote ya Nyeri yakipasuliwa, kwa kuwa mawe haya yalizaliwa miaka milioni 60 na zaidi baada ya dinosauri wakubwa kutoweka. Lakini hata mahali penye mawe ya umri unaotakiwa, mosi na livawoti huonekana kwa nadra mno. Vitabu vingi kuhusu enzi za dinosauri vimejaa mifupa, magogo yaliyogeuka jiwe na majani ya makangaga. Briofita hupewa sentensi mbili, kisha ukurasa hufunuliwa.

Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Ni kanuni ya haki kiasi katika mkutano wa kugawana shamba au kikao cha chama: aliyealikwa asije, asilalamike. Kosa ni kuipeleka kanuni hiyo kwenye mwamba. Katika kikao cha visukuku mialiko haikutolewa kwa usawa. Aliyekuwa na mfupa, ganda au gogo aliitwa kwa jina; aliyekuwa laini hakupelekewa habari. Ninachodai ni kwamba uchache wa briofita katika mawe ya Triasi, kipindi kilichoanza miaka milioni 252 iliyopita na kwisha miaka milioni 201 iliyopita, unatueleza zaidi jinsi mawe yanavyotunza na jinsi watu wanavyotafuta, kuliko unavyotueleza ardhi ya wakati huo ilivyokuwa. Picha ya enzi za dinosauri wa mwanzo iliyochorwa kwa kufuata mifupa peke yake ni ushuhuda wa mtu mmoja, na msema pweke hakosi.

Naye huyo shahidi mwenye mfupa hakusikilizwa kwa urahisi. Katika bonde la mto Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Nyasa, yapo mawe yaitwayo Manda. Katika miaka ya 1930 Mwingereza Rex Parrington aliokota huko, pamoja na visukuku vingine, mfupa wa juu wa mkono na vipande vya uti wa mgongo. Mifupa ikasafirishwa, ikaandikwa namba, ikawekwa kabatini. Alan Charig aliichunguza katika miaka ya 1950 na akaipa jina, lakini maelezo rasmi ya Nyasasaurus parringtoni yalichapishwa mwaka 2013, Charig akiwa ameshafariki na jina lake likiwekwa miongoni mwa waandishi. Mnyama huyo, mwenye urefu unaokisiwa kuwa mita 2 hadi 3, aliishi takriban miaka milioni 243 iliyopita. Huenda ndiye dinosauri wa kale kuliko wote wanaojulikana, au jamaa wa karibu sana wa dinosauri. Waliomweleza waliweka alama ya kuuliza katika kichwa cha makala yao, na walifanya vyema. Mawe yayo hayo yametoa pia Asilisaurus kongwe, aliyeelezwa mwaka 2010, na Teleocrater, aliyeelezwa mwaka 2017. Ikiwa mfupa wa mkono, kitu kinachoshikika na kuonekana mtu akiwa amesimama, ulikaa miaka 80 hivi kabla ya kutambuliwa rasmi, tutaraji nini kwa jani lenye unene wa seli moja?

Jibu linapatikana Uingereza, katika mawe ya mwisho kabisa wa Triasi. Mwaka 1850 James Buckman alieleza kutoka huko mmea mdogo akauita Naiadita, akiudhania kuwa ni jamaa wa mimea ya maua iotayo majini. Waliomfuata hawakukubaliana: mmoja alisema ni mosi, mwingine akaupeleka kwenye kundi jingine kabisa la mimea ya spora. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1938, ambapo Tom Harris alikusanya vipande kwa wingi, akavitenga kwa uvumilivu, akaonyesha shina, majani, nyuzi za kushikia udongo, vikombe vya kuzalia, viungo vya kike na vifuko vyenye spora ndani yake. Naiadita ni livawoti, na leo ni mojawapo ya briofita wa kale wanaojulikana kwa ukamilifu zaidi. Mmea haukuwa umefichika kwa miaka 88 hiyo. Ulikuwa mezani, mbele ya macho ya wasomi hodari, umeandikwa jina, nao hawakujua wanatazama nini. Karibu nasi zaidi, mwaka 1959 Townrow alieleza briofita wawili wa Triasi kutoka Afrika Kusini, mosi mmoja na livawoti mmoja. Hiyo ni nchi iliyokuwa sehemu ya bara lile lile kubwa la kusini lililobeba bonde la Ruhuhu, kabla Afrika haijaachana na jirani zake. Wawili ni idadi ndogo, nakubali. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba kundi hili lilikuwepo upande huu wa dunia katika kipindi hicho, na kwamba mwamba ukiwa mwororo wa kutosha huweza kulitunza.

Pingamizi la kwanza ni jepesi kulitamka: mosi ni laini, huoza, na kwa hiyo hakuna cha kueleza. Lina ukweli nusu. Mosi hawana ile dutu ya miti inayoufanya ubao kuwa ubao, na jani lao halina unene wa kuhimili mchanga wa mto. Lakini kuoza peke yake hakutoshi kuwa sababu. Mosi wana kemikali zinazowachelewesha wadudu na bakteria, na katika vinamasi vya baridi mabaki yao hulundikana kwa karne nyingi bila kuisha. Kaharabu ya Myanmar, yenye umri wa takriban miaka milioni 99, imewafungia mosi na livawoti hata majani yao yanahesabika. Nadhani mahali wanapoishi pana uzito mkubwa kuliko ulaini wao. Kisukuku huhitaji kuzikwa, tena kuzikwa upesi, chini ya matope yanayozidi kushuka. Mosi wengi huishi juu ya jiwe, kwenye gome la mti, kwenye ukingo unaomomonyoka. Mahali ambapo udongo huondolewa, si ambapo hulundikana. Naiadita aliishi kwenye maji yasiyo na kina, juu ya tope laini, ndiyo maana tunaye kwa wingi. Aliyeota juu ya mwamba mkavu mlimani hakuwa na kaburi. Mtu akihesabu visukuku kisha akasema anahesabu mimea, amehesabu wale tu waliofia karibu na matope.

Pingamizi la pili ni zito na halistahili kupitwa haraka. Tukikubali kwamba kutoonekana si kutokuwepo, tutamzuia vipi mtu asidai lolote? Mwingine atasema palikuwa na maua katika Triasi, mwingine nyuki, mwingine majini, na kila mmoja ataleta hoja ile ile: vilikuwepo, ila mwamba haukuvitunza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, lakini mshindo wa kujitungia unaweza kutoka kwenye kimya chochote. Tofauti ni kwamba kimya cha briofita kimezungukwa na sauti pande zote. Nchini Oman, katika miamba iliyochimbwa chini ya jangwa, watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2003 walipata vipande vya vifuko vya spora vya kipindi cha Ordovisi, kilichokwisha yapata miaka milioni 443 iliyopita, na muundo wa ndani wa kuta za spora hizo unafanana na wa livawoti. Kutoka jimbo la New York kuna livawoti wa kipindi cha Devoni, mwenye zaidi ya miaka milioni 380. Mwaka 1960 Maria Neuburg alichapisha kitabu kuhusu mosi wa kipindi cha Permi kutoka Urusi, wenye majani yanayoonyesha seli zao. Nasaba iliyokuwapo kabla ya Triasi, iliyoonekana kwa uchache ndani yake, na ikawapo tele baadaye, haiwezi kuwa ilitoka duniani ikarudi. Maua hayana ushahidi wa kabla usio na shaka; majini hawana wa kabla wala wa baada. Hapo ndipo mpaka ulipo, na hoja yangu haiuvuki.

Tena mpaka huo unanibana mimi mwenyewe. Mwanzo wa Triasi ulifuata maangamizi makubwa kuliko yote yanayojulikana katika historia ya viumbe, na kwa takriban miaka milioni 10 hakuna makaa ya mawe yanayojulikana kutoka popote duniani, ishara kwamba vinamasi vyenye misitu vilikuwa vimevunjika. Inashawishi kusema kwamba mosi na livawoti ndio walioivika ardhi iliyobaki tupu, kwa sababu leo hao ndio huwa wa kwanza kulikalia jiwe jipya. Ingependeza. Lakini mmea ambao mawe ya wakati huo huutaja mara nyingi katika nchi mbalimbali ni Pleuromeia, mmea wa spora wenye shina lililosimama, ambaye si briofita. Sina haki ya kumfukuza aliyepo ili nimkalishe kitini nimpendaye. Nina haki ya kusema tu kwamba miguuni pa Pleuromeia, na baadaye miguuni pa wanyama wa Ruhuhu, nafasi ya chini haipaswi kuachwa wazi kwenye mchoro kwa kisingizio kwamba hakuna aliyeiomba.

Mtu wa Nyeri anaweza kuuliza nafasi hiyo ya chini ina kazi gani. Mwaka 1980 Tamás Pócs alichapisha matokeo ya kupima mimea inayoning'inia kwenye miti ya milima ya Uluguru, Tanzania, akalinganisha msitu wa chini na msitu mfupi wa ukungu wa juu. Ule wa juu, ambao matawi yake yamevikwa mosi na livawoti, ulibeba mzigo mkubwa zaidi wa mimea hiyo na kuzuia maji mengi zaidi kuliko wa chini. Maji hayo hayakimbilii mtoni kwa kishindo. Hushikwa, hudondoka polepole, mengine hurudi hewani. Misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua ina ukanda wake wa ukungu, na mito itokayo huko huingia Tana, ambayo hujaza mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Sitasema kwamba Ruhuhu ya Triasi ilikuwa Uluguru. Hali ya hewa ilikuwa nyingine na miti mingine. Ninachosema ni cha kifizikia zaidi: mmea usio na mishipa, unaohifadhi maji katikati ya majani yake, ungeyashika maji hayo katika karne yoyote. Haba na haba ilijaza kibaba kabla hapajawa na wa kuhesabu.

Na wadogo hutoa ushahidi, wakipewa nafasi. Kwenye mteremko wa kaskazini-mashariki wa Mlima Kenya kuna ziwa la volkano liitwalo Sacred Lake, kwenye kimo cha mita 2,350 hivi. Katika miaka ya 1960 Joey Coetzee alisoma chavua zilizozama katika tope lake, tabaka kwa tabaka, akaonyesha kwamba wakati wa baridi kuu ya mwisho ukanda wa misitu ulikuwa umeshuka chini sana kuliko ulipo leo. Hakuna jino la tembo lililohitajika. Vumbi lisiloonekana bila hadubini lilitosha kuusogeza msitu mzima kwenye ramani ya zamani. Ganda la chavua na la spora limetengenezwa kwa dutu ngumu ambayo hata asidi ya kuyeyusha jiwe huishindwa, na ndivyo watafiti wanavyozipata: mwamba huyeyushwa, zenyewe hubaki. Mmea laini kuliko yote huacha mbegu ya ushahidi iliyo ngumu kuliko mfupa.

Kenya ina mawe ya kujaribia. Malori yanayopanga foleni kwenye mizani ya Mariakani yanasimama juu ya mawemchanga ya Triasi. Mazeras, kuelekea Mombasa, kuna mawe yaliyotoa magogo ya kale yaliyogeuka jiwe. Na Maji ya Chumvi, upande wa bara, mwamba wa matope umekwisha kuyeyushwa, na mwaka 1992 Hankel alichapisha uchunguzi wa spora na chavua zake za kuanzia mwisho wa Permi hadi Triasi. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba mawe yetu hayatunzi wadogo. Tatizo lililobaki ni la utambulisho. Spora iliyoelea peke yake mara nyingi haina mzazi: ya mosi na ya kangaga huweza kufanana kiasi kwamba mtu mwangalifu hukataa kuapa. Vipande vya Oman vilikuwa na thamani kwa sababu spora zilikutwa bado ndani ya kifuko. Hatua inayofuata, kwa hiyo, ni kupasua matope membamba tabaka kwa tabaka, kutafuta vifuko na majani, na kuvilinganisha na mimea iliyo hai. Hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki ipo Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa. Ilianzia Amani, katika Tanzania ya leo, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950.

Atakayesema kwamba fedha za utafiti ni chache, na kwamba mfupa wa dinosauri huleta watalii, wanafunzi na vichwa vya habari, anasema kweli. Sioni haja ya kumbishia. Safari ya mifupa na safari ya majani, hata hivyo, zinaweza kupanda gari moja. Anayechimba Ruhuhu hulazimika kuondoa tope gumu ili aufikie mfupa, na tope hilo hutupwa. Lingeweza kutiwa kwenye mifuko, likaandikwa tabaka lilikotoka, likangoja mtu wa hadubini, kama mfupa wa Parrington ulivyomngoja Charig. Kama mifuko hiyo itafunguliwa na kuchunguzwa kwa bidii ile ile aliyoitumia Harris, tabaka moja baada ya jingine, katika mawe mororo yaliyowekwa na maji yaliyotulia, na kisionekane kifuko kimoja wala jani moja la mosi, hapo nitakuwa tayari kukihesabu kimya hicho kuwa ushahidi dhidi yangu, na hoja hii itabidi ipunguzwe. Kazi ya namna hiyo ndiyo ningependa ifanywe kabla briofita hawajafutwa tena kwenye mchoro wa Ruhuhu.